Friji Nililolipokea Begani

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji wa mtu, tena mchana kweupe, na sikuwa nimelewa kwa sababu sinywi. Shule niliishia darasa la pili. Lakini gereji yangu pale Ng'ambo, Tabora, niliijenga kwa mikono hii, na mtu aliyejenga gereji hana haja ya kutunga uongo ili asikilizwe. Asiyetaka kuamini aende zake. Wewe uliyebaki, kaa usikie.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Dada yangu Nyamizi na mumewe walipelekwa upande wa Usinge, karibu na msitu. Surua ikaingia kijijini ikamchukua mtoto wao wa kiume. Wakabaki na binti mmoja, Tatu, bado ananyonya.

Ndipo Tabibu Mussa wa zahanati akaniletea Kombi kuukuu aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao.

"Fundi, nifanyie nyumba humu ndani," akasema. "Kitanda, meza, jiko na friji. Nitazunguka vijiji vyote mpaka Usinge, nalala humu humu. Lakini dawa ya surua ikipata joto ni maji tu, nitakuwa nawachoma watoto wa watu bure."

Kitanda na meza si kazi. Friji ndilo lililoninyima usingizi. Unadhani friji la gari linachaguliwa kwa uzuri? La umeme linang'aa, sawa, lakini betri ya Kombi italilisha mpaka wapi? Hata Urambo hufiki. La gesi, mtungi ukiisha porini utaujaza kwa nani? Linabaki la mafuta ya taa, lenye taa yake chini na utambi. Hilo nalo lina kiburi: likiinama kidogo tu linaacha kupoza. Na njia ya Usinge siku zile ilikuwa mashimo na mchanga, ile ile waliyopita wapagazi wa zamani, wale wabeba mizigo wa misafara, na pembe za ndovu begani, wakienda na kurudi Ujiji.

Mtaani Isevya alikuwepo mjane, Mama Zaituni, anauza vitu vya Wazungu waliohama. Alikuwa na friji la mafuta ya taa moja tu.

"Limekufa hilo," akaniambia. "Nimeliwashia taa tangu juzi, linachemka kama chungu. Chukua lile la umeme, Fundi, ukawekee nguo zako."

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya lile friji, jua limesimama utosini, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu yetu ya alfajiri. Nani anasalimia watu hivyo mchana? Nikageuka. Mzee mrefu, mkavu, shuka moja, na kwenye bega la kulia ana nundu kubwa kama ngumi, ngozi yake imekomaa kama soli ya kiatu. Mimi na Mama Zaituni tulikuwa tunatiririka jasho. Yeye hana hata tone.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Msafara unaondoka lini?"

Nikacheka. Nikamwambia si msafara, ni Kombi. Hakucheka. Akainama, akalinyanyua lile friji akaliweka kwenye nundu yake. Niamini, lile friji linabebwa na wanaume wanne na wanasimama kupumzika. Yeye akazunguka nalo ua mzima, sikio amelibandika kwenye bati, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Akalitua.

"Halijafa," akasema. "Limezimia. Mtu akizimia safarini mnamfanyaje?"

"Tunamlaza, miguu juu, kichwa chini."

"Basi."

Akaomba maji. Mama Zaituni akampa kata nzima, mzee akanywa mpaka mwisho, akaondoka.

"Mwendawazimu yule," akasema Mama Zaituni.

"Mwendawazimu anabeba friji?"

Tukaita majirani, tukaligeuza kichwa chini, likalala hivyo mpaka asubuhi. Tukalisimamisha, nikakata utambi vizuri, nikawasha. Jua lilipofika utosini nikatia mkono ndani. Ubaridi ukaniingia mpaka kwenye kucha. Mafundi wengine baadaye waliniambia ile ni dawa inayojulikana ya mafriji ya aina hiyo. Sawa, sibishi. Lakini yaliyofuata hakuna fundi aliyenieleza.

Kombi ilikuwa imeegeshwa barabarani nje ya ua, na Tabibu amekwenda kufuata dawa yake. Nikawa natoka kutafuta watu wa kubeba, mara, "Mwangaluka." Yule yule. Akalibeba na taa yake inawaka, na ule moto haukucheza hata kidogo. Akafika mlangoni pa Kombi akasimama. Hatui.

"Tua tu hapo, mzee," nikasema.

"Mzigo wa msafara hautuliwi njiani. Mbebaji anapokelewa. Nani ananipokea?"

"Fundi, usijibu haraka," Mama Zaituni akaninong'oneza. "Mtu huyu simwelewi."

Mimi namwelewa? Lakini nilikuwa namwona Tatu machoni, na friji lile lilikuwa ndilo pekee Tabora nzima.

"Mimi," nikasema.

"Unajua linakokwenda?"

"Usinge."

"Na baada ya Usinge?"

"Kokote litakakokwenda."

Akaniinamia, bega kwa bega, akaniachia. Nilitegemea kuvunjika. Uzito wake ulikuwa kama wa mto wa kulalia. Mama Zaituni akapiga yowe: "Fundi, leo umekula nini?" Nikaliingiza ndani nikalifunga kwa boliti. Nilipogeuka, mzee alikuwa amenyooka wima. Bega lake la kulia lilikuwa laini kama la kijana. Akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Nimebeba sana," akashika njia ya mashariki, kama mtu anayerudi nyumbani. Hatukumwona tena.

Tulifika Usinge dawa ikiwa baridi. Tatu alichomwa, akalia, na surua haikumgusa. Lakini mimi sikurudi gerejini kama nilivyopanga. Nikishuka kwenye Kombi, taa ya friji inazimika. Nikipanda, inawaka vizuri. Tabibu, mtu wa vitabu, alilijaribu hilo mara nyingi mpaka mwenyewe akasema nipande. Basi nikawa nasafiri naye, kijiji kwa kijiji, mpaka Kombi ikaoza, nikarudi nyumbani na friji. Na begani ikaota hii nundu. Njoo uiguse. Haiumi. Mchana jua likisimama utosini inakuwa ya baridi kama barafu, na miguu yangu inataka kuelekea magharibi.

Najuta? Hapana. Tatu ana wajukuu sasa. Kila akija, akiniona nalihamisha lile friji, sasa tupu, toka chumba hiki kwenda kile, kwa sababu halikubali kukaa sehemu moja, anasema, "Mjomba, lete nikupokee." Ndilo neno pekee ninalomgombezea. Nimemkataza yeye, nimewakataza na wanawe.

Nimezeeka, na sijapata wa kunipokea. Basi nakuonya wewe usiyekuwa damu yangu. Siku moja mchana ukimkuta mzee ana mzigo begani, hana jasho, anakusalimia salamu ya alfajiri, mpe maji. Mpe mengi. Lakini kabla hujasema "mimi", muulize mzigo unaishia wapi. Nami nikiwa ndiye huyo mzee, nitakujibu ukweli: sijui.