Maziwa Niliyoyafungia Ufunguo

Maumivu ya mgongo yaliponizuia kusujudu, nikawa nasali juu ya kiti, nilianza kumtazama msichana wetu wa kazi kwa jicho jengine. Katoka Tanga, kavuka bahari, ana mwaka mmoja kwetu hapa Darsait, na wiki nzima alikuwa akikohoa. Nikaitenga gilasi yake. Mimi, niliyewafundisha watoto Qur'ani na kuwaonya juu ya dhana mbaya, nikawa nahesabu kikohozi cha mtu.

Kaka yangu wa Salala huniletea maziwa ya ngamia. Kwetu hayachemshwi, twasema moto huondoa dawa yake. Kila siku msichana huuliza, "Bibi, nikuchemshie?" Nikajiuliza, anataka kunitilia nini? Nikayahamishia friji dogo la chumbani, nikalifunga kwa ufunguo. Na kwa kuwa mgongo ulizidi, nikaongeza kikombe cha pili baada ya Alasiri.

Mwanangu akanipeleka hospitali, nikaingizwa kwenye ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Daktari akatuonesha picha: pingili mbili za chini za uti wa mgongo zimeng'ara, na baina yake pamevimba. "Vijidudu vimeingia mfupani," alisema. "Huenda kifua kikuu, huenda kitu chengine. Tupime damu, na kila anayekohoa nyumbani apigwe picha ya kifua."

Garini mwanangu hakusubiri. "Si nilikwambia, Mama, kikohozi cha msichana si cha bure? Huyo namkatia tiketi arudi kwao."

Sikumkataza.

Msichana alipoambiwa akapigwe picha hakulia. "Twendeni hata sasa hivi. Bora mashine initazame kuliko nyinyi."

Kifua chake kilikuwa safi. Kilichomkera ni vumbi la kiyoyozi. Daktari akairudia picha yangu. "Kifua kikuu aghlabu huibomoa pingili. Hizi zimevimba lakini hazijaporomoka, na damu yako ina brusela, vijidudu vya mifugo ambavyo kuchemsha huviua. Bibi, unakunywa maziwa mabichi?"

Mwanangu akanitazama. "Vikombe viwili kwa siku," nikajibu.

Alhamdulillahi, ugonjwa una dawa, ingawa ni ya miezi. Nilirudi nikaichanganya gilasi yake na zetu, nikamwambia kila nililomdhania, hata lile la maziwa, na kwamba tiketi haitakatwa. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, Bibi," akasema, akanyoosha mkono. "Lakini ufunguo wa friji nipe mimi."

Nikampa.