Vifaranga Kumi na Mmoja

Asubuhi ile Nafula alikuwa anacheka mchoro wangu.

"Sasa huyu ni kifaranga ama ni kiazi, dada?"

"Ni kifaranga wa Tuwan," nikamwambia. "Si unajua huku chakula ni shida."

Tuliishi mtaa wa Tuwan, Kitale, na kazi yangu ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Nafula, mdogo wangu, alikuwa na kifua kikuu, na kusoma hakujua. Nikamshonea kitabu cha picha, kila siku kifaranga mmoja. Akimeza dawa mbele yangu, anampaka rangi ya njano. Kliniki ilinipa mimi kazi ya kuhakikisha amemeza. Nilijivunia kazi hiyo, pengine kupita kiasi.

Zilikuwa zimepita siku chache tu baada ya kura, na matokeo yalikuwa yamezua ghasia. Kama saa saba mchana Mama Njeri, jirani yetu ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, alipita mbio na watoto wake. Hata hivyo alisimama mlangoni petu.

"Toa mgonjwa wako! Wanachoma kwangu!"

Wale vijana hawakututafuta sisi. Hilo lazima niliseme. Walimtafuta yeye, kwa ajili ya kabila lake. Mmoja nilimjua, nilichora kibao cha kinyozi cha babake. Alishika jerikeni na alikuwa analia. Sijui alilia nini.

Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimeshikana.

Nikamshika Nafula mkono. Nikachukua mfuko.

Tukakimbia.

Kesho yake tulifika kwa shangazi yetu Kamukuywa, kwa miguu na kwa lori la mahindi. Nikafungua mfuko. Kitabu kilikuwemo, na kalamu za rangi. Dawa zilibaki dirishani. Mimi nilidhani amebeba yeye, yeye alidhani nimebeba mimi. Lakini kazi ilikuwa yangu.

Barabara zilifungwa siku kumi na moja. Shangazi alimpa uji na utani. "Kunywa, mama. Hata ng'ombe hukohoa, na bado tunamkamua."

Asubuhi ya kwenda kliniki Kanduyi, nilimkuta Nafula amekaa kwa mkeka, anapaka rangi vifaranga wa zile siku alizokosa dawa.

"Unafanya nini?"

"Sista wa kliniki atakugombeza, dada. Ati wewe ndiye mwangalizi wangu."

Alikuwa amefika wa nne. Kalamu ya njano ikavunjika, akanyoosha mkono bila kuniangalia.

Nikamtafutia nyingine.

Sista wa Kanduyi alifungua kitabu, akatabasamu. "Hii ni kazi nzuri bana. Hajakosa hata siku moja? Angekosa, ningepima makohozi upya kwanza."

Nafula aliangalia sakafu.

"Hajakosa," nikasema.

Tukapewa dawa, akaendelea pale alipoachia. Kabla mahindi ya mwaka huo hayajafika magotini, tukamzika.

Baadaye nilirudi kwa yule sista nikamwambia ukweli. "Siwezi kukuambia angepona," akasema. "Na siwezi kukuambia hangepona."

Hakunigombeza. Ningetaka anigombeze.

Siku hizi nawashonea wagonjwa vitabu, na waliofiwa pia wanakuja kuchora. Si kwamba mimi ni mwema. Sijui kazi nyingine ya kufanya na hili jambo. Kila mmoja namwambia: siku ambayo hukumeza, acha nyeupe. Hiyo nyeupe ndiyo daktari anahitaji.

Juzi mama mmoja, ambaye mtoto wake ni mgonjwa, aliomba kuona kitabu changu cha kwanza. Akafungua polepole mpaka mwisho.

"Huyu wako alijitahidi," akasema. "Hakukosa hata siku moja."

Nikamrudisha kwa ukurasa wa zile siku kumi na moja. Nikamwonyesha wanne, halafu saba ambao njano yao imekolea zaidi.

"Hawa wanne alipaka kwa kalamu yake," nikamwambia. "Hawa saba, kalamu nilimpa mimi."