Pipa la Mjerumani na mvua ya kwanza niliyoimwaga Mvumi

Mbukwa wakuu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne, ila leo mvua imenyesha hapa Miyuji, Dodoma, nimeshindwa kunyamaza. Sijaongeza chumvi, yote yalinikuta mimi.

Nilipomaliza chuo, kazi hakuna, nikaenda kukaa na Bibi Mvumi. Goti lake lilikuwa bovu, lakini kiangazi chote alishuka korongoni kuchimba maji kwenye mchanga. Nikienda mimi nachimba pakavu.

Nikajiapiza: mvua zikianza, Bibi hashuki tena.

Nikanunua mjini mapipa mawili ya plastiki, yale ya bluu yaliyowahi kubeba juisi. Niliyaosha mara saba. Namaliza, nanusa, nahisi bado, narudia.

Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na la tatu. La chuma, zito balaa. Baba mkwe wa Bibi alilipata enzi za Mjerumani, akiwa kibarua wa reli. Alilibiringisha kutoka relini hadi nyumbani, siku mbili.

Bibi alihadithiwa kwamba wakati huo nyumba ilikuwa tembe, paa la udongo, maji yakishuka ni mekundu. Hawakuyamwaga. Yalituama ndani ya pipa, mbuzi wakanywa, mengine wakakandia udongo wa kuzibia paa lilelile. (Hii huwa inanifurahisha sana, sijui kwa nini.)

Sasa mimi nilishaangalia video: maji ya kwanza ya paa yamwagwe, yana vumbi na vinyesi vya ndege. Nikawaza kipindupindu, nikawaza kutu, nikawaza Bibi amelazwa. Nikalilaza pipa la chuma, nikachomoa mfereji wa bati uliokuwa ukiliingizia maji ya paa.

Mvua ikaja mchana, kubwa. Bibi akatoka na kanga kichwani.

"Mume wangu, mbona pipa limelala?"

"Hii ni ya kuoshea paa, Bibi. Ya pili ndiyo tutakinga."

"Na hiyo ya pili imekuahidi inakuja lini?"

Nilicheka. Nilipokuja kurudisha mfereji, mawingu yalishaondoka.

Wiki tatu bila mvua. Mnaoijua Dodoma mnajua.

Siku ya nne Bibi akachukua ndoo na kata, akashuka korongoni. Nikamfuata nikimwomba anipe. Ndoo akanipa, kata akakataa.

"Wewe utauosha mchanga kwanza."

Alikuwa anatania, ila kila aliposimama kushika goti, mimi niliweka ndoo chini nikamsubiri.

Mvua iliporudi alilisimamisha pipa mwenyewe. Maji ya kwanza yakaingia humo, ya kufulia na ya mbuzi. Lilipojaa ndipo akaniambia nihamishie mfereji kwenye yale ya bluu, ya kunywa.

Yaani nilichojifunza kwenye video, pipa lile lilikuwa linakifanya tangu enzi za Mjerumani, bila kumwaga tone.

Wakuu, kabla hujamboreshea mzee maisha, muulize kwanza kile kitu chake cha zamani kinafanya kazi gani. Mimi sikuuliza, goti lake likalipia.

Bibi hatunaye tena. Pipa niko nalo hapa, leo limekinga, ila kitako kimetoboka nimeweka beseni chini. Fundi anataka akate kitako chote aweke kipya. Nawaza, likishabadilishwa litakuwa bado ni lile?

Mliowahi kuziba chuma cha zamani bila kukikata, nielekezeni. Msichelewe, beseni linakaribia kujaa.