Sahihi ya Straika

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya vitambulisho hapa Machakos. Mbele yangu alisimama jamaa mrefu aliyevaa miwani ya jua ndani ya ofisi.

"Kazi?" karani akamuuliza.

"Straika, madam. Nimecheza nchi sita, na ya saba inaningoja." Akazihesabu kwa vidole, Zambia hadi Vietnam. Mkono mmoja haukutosha.

"Sawa. Weka sahihi ndani ya kisanduku, isiguse mstari."

Jamaa akaachilia ile sahihi ya kuwapa mashabiki, mkia wake ukafika ukingoni mwa karatasi. Karani akachana fomu, akampa nyingine. Ikatoka nje tena. Ya tatu pia.

Nyuma yangu mama mwenye kikapu cha maembe akasema kwa sauti: "Sasa najua kwa nini hizo nchi ni sita."

Sote tulikuwa tumewaza hivyo, ila yeye ndiye aliyekuwa na mdomo.

Mara ya nne jamaa alivua miwani, akainama, akaandika polepole. Ikaingia! Foleni nzima ikalipuka, "Goooli!", nami nikiwa wa kwanza. Akajisahau, akateleza kwa magoti hadi mlangoni, mikono juu.

Karani akaitazama fomu, kisha akainua mkono kama mshika kibendera.

"Rudi hapa, straika. Hicho kisanduku ni cha chifu."