Majina Saba ya Ukurasa wa Mwisho

Msahafu wa nyanya yangu umezikwa. Nilifika Eldoret Ijumaa iliyopita kuuchukua pale msikitini alipouacha utunzwe, nikaambiwa kamati iliuchanganya na kurasa chakavu, ikachimba shimo mahali safi, ikafukia. Ndivyo dini yetu inavyotaka maandishi yaliyochakaa yasitiriwe, najua. Lakini hasira iliyonipanda siku hiyo haijashuka.

"Tulizika kwa heshima, mama," mwenyekiti aliniambia. "Na si Kurani iko kwa simu siku hizi?"

Kwa simu! Aya zipo, sikatai, hakuna herufi iliyopotea. Ila kwenye ukurasa wa mwisho baba yake nyanya, aliyeunakili msahafu ule kwa mkono wake, aliandika majina saba: yeye alifundishwa na nani, huyo naye na nani, kurudi nyuma mpaka Mumias, mpaka Lamu. Nani aliupiga picha? Hakuna hata mmoja!

Laiti ungeiona ile veranda yetu ya mtaa wa West Indies, papo hapo Eldoret, nyanya alipotufundishia Kurani sisi watoto, rafiki yangu. Tuliandika kwenye mbao kwa wino wa masizi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na harufu ya samaki wa kukaanga wa mama jirani ikivuka ua kuja kututesa. Hukuruhusiwa kuosha ubao kabla ya kuyataja majina saba. "Ukisoma bila kujua umepokea kwa nani, umeokota tu," nyanya alizoea kusema. Sisi tuliyapayuka mbio mbio, akili iko kwa samaki.

Jana nilikwenda kwa mama jirani, mkongwe sasa, nikamlalamikia ile kamati mpaka chai ikapoa. Nikaanza kuyataja majina nipate kuyaandika upya. Baada ya la nne nikakwama. Mimi, mjukuu mwenyewe, niliyeshinda nikigombeza watu!

Mama jirani, ambaye Jumapili hakosi kanisani, akaweka kikombe chini.

"Si sasa ni yule kipofu? Halafu yule wa Pate, halafu mwenye alifia Lamu. Mlikuwa mnapiga makelele kila siku, ningekosa kushika aje?"

Akayataja yote matatu. Veranda ilishabomolewa, mbao sijui ziliishia jiko la nani, na hasira yangu yote ikakosa pa kwenda ila kwangu mwenyewe. Niliandika alivyonitajia. Kisha, kwa kuwa nyanya angeniuliza nimepokea kwa nani, nikaandika na jina la mama jirani.