Marashi ya Amplifaya

Asubuhi hii, kwenye msiba wa mjomba, harufu ya marashi ya waridi imenirudisha Temeke, kwenye arusi ya dada yangu.

Mie ndiye niliyeshika mrashi siku ile. Niliambiwa nimnyunyizie kila mgeni, nami sikutaka kumruka mtu. Amplifaya ya gitaa la mjomba ilikuwa ngeni kwetu. Ilikaa juu ya kiti chake, imeunganishwa na betri ya lori, inavuma. Nikaizunguka, nikainyunyizia kwa nyuma, kwenye matundu. Ikapiga chafya ya cheche, ikanyamaza! Wanawake waliokuwa wanacheza wakaganda, mikono ingali juu.

"Nani kaiogesha?" mjomba aliuliza.

"Mie, mjomba. Nilikuwa naikaribisha."

Akanitazama, akaangua kicheko. Akachomoa nyaya za betri, akafungua mgongo wa amplifaya, akatoa taa zake za kioo, zile za kukuza sauti, moja moja, nami nikazipokea kwa khanga, zingali za moto. Tukazifuta miguu yake ya waya, tukazianika juani juu ya mkeka, arusi nzima imetuzunguka. Alipozirudisha nilihesabu zikiwaka: moja, mbili, tatu, nne! Gitaa likalia, vigelegele vikapasuka, na ua mzima ukanukia waridi lililopata moto.

Tangu hapo, mjomba hakupiga gitaa kwenye arusi yoyote kabla sijaizunguka amplifaya na mrashi mtupu. "Mkaribishe mwenzangu," alikuwa akisema.

Leo wamenipa mrashi nimnyunyizie yeye kabla hajatolewa. Umejaa.