Kofia ya Ostrander

Kwa Delbert Hruska, mchomelea vyuma wa Nebraska, jina la Chuo cha Ostrander lilikuwa la kutemewa mate. Lakini msimu huu wa mpira wa vyuo, Ostrander walikuwa wamehamia ligi kubwa, na katika mechi ya kwanza walifungwa na timu ya Delbert. Kila walipomwangusha kigogo huko, ushindi wa timu ya Delbert dhidi yao ulizidi kung'aa mbele ya kamati inayochagua timu za mtoano. Basi Jumamosi ya mwisho Delbert aliwashangilia Ostrander mpaka sauti ikamkauka. Jirani yake Wendell, shabiki wao kindakindaki, akamvisha kofia yao.

Jumapili wakaketi pamoja mbele ya televisheni. Kamati ikawachukua Ostrander, ikaiacha timu iliyowafunga. Delbert alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaishika kofia aivue.

"Iache tu kichwani, jirani," Wendell alisema. "Dua zako zimekubaliwa."